Boila ya gesi Uingereza: soma vipimo kabla ya kununua nyumba ya kupangisha

Na Mwandishi Wetu

WAWEKEZAJI wadogo wanaoweka fedha katika nyumba za kupangisha Uingereza, wengi wao wakishirikiana na ndugu zao walioko London, Leicester na miji mingine, huuliza kwanza bei ya nyumba, kodi ya mwezi na riba ya benki. Swali linalosahauliwa linahusu sanduku moja jeupe lililotundikwa ukutani jikoni. Hilo ni boila ya gesi. Chombo hicho kinaweza kusimamisha mapato ya nyumba nzima kwa siku moja, na katika hali mbaya zaidi kikaua wapangaji wakiwa usingizini.

Muuzaji au wakala humtuliza mnunuzi kwa maneno machache tu, kwamba cheti cha gesi kipo. Mnunuzi aliyeko Dar es Salaam au Nairobi hutumiwa nakala yake, huona sahihi na tarehe, akaridhika. Ukurasa huu wiki hii unakichambua cheti hicho, kwa sababu kuwepo kwa cheti ni jambo moja na boila kupimwa ni jambo jingine, na pengo lililopo kati ya mambo hayo mawili hulipwa na mwenye nyumba.

Soko lilivyo

Zaidi ya nyumba milioni 20 nchini Uingereza hupata joto kutokana na gesi ya bomba. Kwa msomaji wa pwani, ambako maji ya moto hutoka kwenye hita ya umeme na hakuna anayenunua joto la chumba, ni vyema tueleze kidogo. Boila huchoma gesi, na moto wake hupasha maji yanayozunguka ndani ya redieta za vyumba na yale ya kuoga. Aina inayouzwa zaidi sasa ni ile iitwayo kombi, ambayo hupasha maji papo kwa papo bila tangi, hivyo inaingia vizuri katika fleti ndogo. Majina yanayotajwa sana sokoni ni Worcester Bosch, Vaillant, Baxi na Ideal. Bei ya kombi pamoja na kufungiwa mara nyingi huwa kati ya paundi 2,000 na 3,500.

Hapo kwenye bei ndipo pa kuangalia. Mafundi wawili wakitoa makadirio ya kazi moja, mmoja paundi 2,900 na mwingine paundi 2,100, tofauti ile inatoka wapi? Boila ni ile ile, na duka la jumla halimpi mmoja punguzo kubwa kiasi hicho. Bomba za shaba ni zile zile. Kinachobaki cha kupunguzwa ni saa za kazi: saa ya kusafisha mfumo wa maji, saa ya kubadilisha bomba dogo la gesi, na saa ya kupima kila kitu kabla ya kumkabidhi mteja funguo. Kwa lugha ya mahesabu, fundi wa bei ya chini huwa ameondoa gharama ya ukaguzi, akamwachia mwenye nyumba dhima ambayo haionekani kwenye ankara.

Si kila fundi wa bei nafuu ni mbaya, na si kila wa bei ya juu ni mwaminifu. Lakini mnunuzi anayo njia ya kuwatofautisha bila ya yeye mwenyewe kushika spana, nayo ni kudai namba.

Nati moja ya shaba

Sheria za gesi za Uingereza hazikutungwa kwa kupenda makaratasi. Tarehe 16 Mei 1968, alfajiri, mpangaji wa ghorofa ya 18 katika jengo la Ronan Point, mashariki ya London, aliwasha kiberiti ili apike chai. Gesi iliyokuwa imevuja usiku ililipuka na kusukuma ukuta wa nje, na pembe nzima ya jengo hilo la ghorofa 22 ikaporomoka sakafu moja juu ya nyingine. Watu 4 walikufa na 17 walijeruhiwa. Jengo lilikuwa na miezi michache tu tangu likabidhiwe kwa wapangaji. Uchunguzi ulionyesha kuwa jengo lenyewe lilikuwa dhaifu, lakini chanzo cha kuvuja kwa gesi kilikuwa nati ya shaba isiyo na kiwango iliyounganisha jiko na bomba.

Mwaka 1970 ikaanzishwa orodha ya mafundi wa gesi iliyojulikana kwa jina la CORGI. Mwanzoni kujiandikisha kulikuwa kwa hiari, na mwaka 1991 kukawa kwa lazima. Tarehe 1 Aprili 2009 orodha hiyo ilibadilishwa na nyingine iitwayo Gas Safe Register, ambayo ndiyo inayotumika hadi leo. Wako mawakala na wazee wa kazi ambao bado wanasema "fundi wa CORGI". Mwekezaji asikubali tangazo lenye jina hilo kama uthibitisho.

Katika miaka hiyo hiyo kulitokea badiliko jingine kubwa zaidi. Kuanzia mwaka 1967 hadi 1977 Uingereza iliacha gesi iliyotengenezwa kwa makaa ya mawe ikahamia gesi asilia ya Bahari ya Kaskazini, na mamilioni ya majiko na hita yalibadilishwa nyumba kwa nyumba. Gesi ya makaa ilikuwa na kaboni monoksidi ndani yake, hivyo ikivuja tu iliua. Gesi asilia haina sumu hiyo. Watu wengi waliamini hatari imekwisha, kumbe imehama tu. Sumu ambayo zamani ilikuwa ndani ya bomba la kuleta gesi sasa huzaliwa ndani ya chombo chenyewe, pale gesi inapoungua bila hewa ya kutosha au moshi unapokosa njia ya kutoka.

Mita moja ya ujazo ya gesi asilia huhitaji karibu mita 10 za ujazo za hewa ili iungue vizuri. Hewa ikipungua, badala ya kaboni dioksidi na mvuke hutoka pia kaboni monoksidi, isiyo na rangi, harufu wala ladha. Harufu ambayo watu huiita ya gesi ni dawa inayotiwa makusudi ili gesi mbichi ijulikane inapovuja, na gesi ikishaungua dawa hiyo nayo imeungua. Ndani ya mwili kaboni monoksidi hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mpangaji huumwa kichwa, husikia kichefuchefu na uchovu, akadhani ni mafua, kisha akitoka nje anapata nafuu. Mwenye nyumba akipokea ujumbe wa namna hiyo asijibu kwa kushauri vidonge. Boila izimwe, madirisha yafunguliwe, wapangaji watoke nje, na fundi aitwe siku hiyo hiyo.

Nani anawajibika

Kanuni za usalama wa gesi zinazotumika England, Scotland na Wales zilianza tarehe 31 Oktoba 1998. Kwa mujibu wa kanuni hizo, anayefanya biashara ya kufunga au kutengeneza vyombo vya gesi lazima awe kwenye orodha rasmi. Mwenye nyumba wa kupangisha naye amepewa wajibu wake: kuvitunza vyombo vya gesi na dohani zake, kuvikaguza kila baada ya muda usiozidi miezi 12, kumpa mpangaji nakala ya ripoti katika siku 28, kumpa mpangaji mpya nakala kabla hajaingia, na kuhifadhi ripoti kwa angalau miaka 2.

Hapa wawekezaji walio mbali hupenda kujificha nyuma ya wakala. Wakala anaweza kupewa kazi hiyo kwa mkataba wa maandishi, na mkataba unatakiwa useme wazi nani anapanga ukaguzi na nani anahifadhi ripoti. Mkataba uliokaa kimya humrudishia mwenye nyumba mzigo wote. Mpangaji hawezi kusaini karatasi ya kumsamehe mwenye nyumba wajibu huo. Kuvunja kanuni hizi ni jinai. Faini haina kikomo na kifungo kinaweza kufika miaka 2. Mtu akifa, mwendesha mashtaka anaweza kwenda mbali zaidi akafungua kesi ya kuua bila kukusudia.

Iko pia hasara ya kimyakimya ambayo wengi waliijua baada ya kuchelewa. Kwa mikataba ya kupangisha England iliyoanza kuanzia Oktoba 2015, mwenye nyumba ambaye hakumpa mpangaji ripoti ya gesi hakuweza kutumia notisi ya kumtoa bila kutaja sababu. Mabishano kuhusu ripoti zilizochelewa yalifika Mahakama ya Rufani, ambayo mwaka 2020, kwa majaji 2 dhidi ya 1, iliamua kuwa ripoti iliyotolewa kwa kuchelewa lakini kabla ya notisi ingeweza kuokoa kesi. Mwaka 2025 bunge lilipitisha sheria ya kufuta notisi za aina hiyo. Wajibu wa gesi wenyewe haukuguswa.

Vipimo vyenyewe

Fundi akimaliza kufunga boila, kazi yake inakuwa haijafika nusu kwa upande wa usalama. Anatakiwa aangalie mambo manne: dohani inafanya kazi, hewa ya kuunguza gesi inatosha, presha au kiasi cha gesi kinachoingia ni sahihi, na chombo kinafanya kazi kwa usalama. Tuyaangalie kwa undani, kwa kuwa hapa ndipo paundi 800 za punguzo hupotelea.

Cha kwanza ni kuvuja. Fundi huunganisha kipima presha, hufungua valvu ya mita kidogo hadi presha ifike kama milibaa 10, kisha huifunga na kuangalia kwa dakika moja isije ikapanda. Ikipanda, valvu yenyewe inapitisha gesi, na kipimo kitakachofuata kitakuwa cha uongo. Halafu bomba hujazwa hadi milibaa 20 hivi, huachwa litulie kwa dakika moja, na kuangaliwa kwa dakika mbili. Bomba jipya ambalo halijaunganishwa na chombo halitakiwi kupoteza kitu. Mfumo wa zamani wenye vyombo vyake huruhusiwa upungufu mdogo kulingana na aina na ukubwa wa mita, kwa sharti kwamba pasiwe na harufu ya gesi hata chembe. Kazi hii haihitaji zaidi ya robo saa, na fundi anayesema amepaka tu povu la sabuni kwenye viungio hajapima bomba. Amekagua viungio alivyoviona.

Cha pili ni presha wakati boila inafanya kazi. Kwa kawaida presha kwenye mita inatakiwa iwe kati ya milibaa 19 na 23, na isipungue zaidi ya milibaa 1 kutoka mita hadi kwenye boila ikiwa inachoma kwa nguvu zote. Jambo hili dogo huficha ujanja mkubwa. Nyumba nyingi zilikuwa na boila ya zamani ya kilowati 15 au pungufu, iliyolishwa na bomba la milimita 15. Kombi mpya inaweza kuhitaji kilowati 30 au zaidi ili maji ya kuoga yawe moto. Mara nyingi bomba lile la zamani halitoshi, na kwa mwendo mrefu linatakiwa la milimita 22 au zaidi. Kubadilisha bomba ni kuinua mbao za sakafu, kutoboa ukuta na kupaka rangi upya. Fundi wa bei ya chini huunganisha boila kwenye bomba lile lile, hufungua maji, yakatoka ya moto, mteja akashukuru. Namba ya presha pekee ndiyo ingemsema.

Cha tatu ni moshi. Kwenye boila za kisasa, ambazo huvuta hewa kutoka nje na kutoa moshi nje kwa bomba moja lililo ndani ya jingine, fundi huingiza kichokoo cha mashine ya kupimia moshi katika tundu maalumu. Kwanza hupima njia ya hewa inayoingia. Oksijeni isipungue asilimia 20.6 na kaboni dioksidi iwe chini ya asilimia 0.2. Namba zikiwa mbaya, maana yake moshi unavuja kutoka bomba la ndani kwenda la nje na boila inavuta uchafu wake yenyewe. Baada ya hapo hupima moshi unaotoka. Kama mtengenezaji hakutoa masharti mengine, kaboni monoksidi isizidi sehemu 350 katika milioni, na uwiano wake na kaboni dioksidi usizidi 0.004. Mashine yenyewe hutakiwa kuhakikiwa mara kwa mara, kwa kawaida kila mwaka, na fundi mzuri anacho cheti chake na haoni haya kukionyesha.

Cha nne kinahusu zaidi nyumba kuukuu, zenye boila au hita za moto zinazovuta hewa kutoka chumbani. Hizo huhitaji tundu la hewa ukutani. Kwa boila, kipimo cha kawaida ni sentimita 5 za mraba kwa kila kilowati inayozidi 7. Wakati wa baridi mpangaji huona upepo unapita hapo akaliziba kwa gazeti. Na mwenye nyumba naye, akijiona ameboresha mali, hubadilisha madirisha yakawa ya vioo viwili yasiyopitisha hewa na kutundika feni ya kuvuta moshi wa jikoni. Feni hiyo inaweza kuuvuta moshi wa boila urudi ndani. Ndiyo maana fundi hutakiwa kuwasha feni zote, kufunga milango na madirisha, kisha kuweka kijiti cha moshi kwenye mdomo wa dohani aone unakwenda wapi. Ukarabati mdogo unaweza kuigeuza boila iliyofaulu Juni ikawa hatari Desemba.

Kwa kuwa hita ndogo za gesi za kuoga zinauzwa pia Nairobi na miji mingine ya kwetu, msomaji ajue kwamba kanuni za Uingereza hazimruhusu fundi kufunga bafuni chombo cha gesi kinachovuta hewa ya chumbani. Anayeuza hita hizo ajiulize wateja wake wanakwenda kuzitundika wapi.

Karatasi mbili, si moja

Ripoti ya ukaguzi wa kila mwaka bado huitwa CP12, jina lililobaki tangu enzi za CORGI. Wengi huichanganya na huduma ya boila. Ukaguzi unathibitisha kuwa siku ile chombo kilikuwa salama. Huduma ni kufungua boila, kusafisha kichomeo na njia ya maji yatokanayo na moshi uliopoa, na kubadilisha mpira uliochoka. Dhamana ya mtengenezaji, ambayo kwa baadhi ya boila hufika miaka 10, mara nyingi hutaka huduma ya kila mwaka, si ukaguzi tu. Mnunuzi anayeambiwa "boila ina dhamana ya miaka 10" aombe kumbukumbu za huduma. Kama hazipo, dhamana hiyo asiitie hesabuni.

Kwa boila mpya kuna kumbukumbu ya makabidhiano, kwa kawaida ile fomu iitwayo Benchmark iliyomo katika kitabu cha chombo, na tena cheti cha kanuni za ujenzi. Kwa England na Wales kazi hutakiwa kuarifiwa katika siku 30. Karatasi hizo zikikosekana, wakili wa mnunuzi makini atauliza, na bei itajadiliwa upya.

Sasa tuisome CP12. Lazima iwe na tarehe, anwani ya nyumba, jina na anwani ya mwenye nyumba au wakala wake, orodha ya vyombo na mahali vilipo, kasoro zilizoonekana, hatua zilizochukuliwa, jina la fundi, sahihi yake na namba yake ya usajili. Namba ya kitambulisho cha fundi ina tarakimu 7 na unaweza kuithibitisha kwa Gas Safe Register. Nyuma ya kitambulisho zimeandikwa aina za kazi anazoruhusiwa. Fundi aliyeidhinishwa kwa majiko peke yake si fundi wa boila, hata kama kadi yake ni halali. Waswahili wa ughaibuni wana tabia nzuri ya kupeana kazi wenyewe kwa wenyewe, na pana kaka anayejua mabomba karibu katika kila msikiti na kila kanisa. Aitwe, apate riziki yake, lakini ageuze kadi tuione.

Baada ya hapo tafuta presha ya kazi na vipimo vya moshi. Si kila fomu inadai namba zote, lakini mwandishi wa safu hii haioni thamani kubwa katika ripoti iliyojaa alama za "ndiyo" huku visanduku vya namba vikiwa vitupu. Ripoti tatu za miaka mitatu zenye namba zile zile hadi desimali ya mwisho nazo zina maswali yake. Ripoti ya kweli huonyesha namba zikisogea kidogo kila mwaka.

Fundi akikuta kasoro anaweza kukitaja chombo kuwa ni cha hatari ya papo hapo, au kuwa kiko katika hali ya kuweza kuleta hatari. Katika hali zote mbili atataka kukizima, na kwa ile ya kwanza ataomba ruhusa ya kukikata kabisa kwenye gesi. Baada ya hapo kukitumia ni kosa. Mwenye nyumba asimchukie fundi huyo. Amemwokolea mali.

Dohani zilizofichwa darini

Kwa anayetaka fleti iliyojengwa kati ya mwaka 2000 na 2007 hivi, hapa asome mara mbili. Katika miaka ile ya ujenzi wa haraka, fleti nyingi ziliwekewa boila katikati ya nyumba, na dohani yake ikapitishwa juu ya dari ya gipsamu hadi ukuta wa nje. Dari ikafungwa na kupakwa rangi. Kiungio kikiachana, moshi humwagika darini, na unaweza kwenda kutokea chumbani kwa jirani. Hakuna anayeona.

Kuanzia tarehe 1 Januari 2013 mafundi waliagizwa kuwa dohani iliyofichwa isiyo na milango ya kukagulia ihesabiwe kuwa inaweza kuleta hatari, na mwenye nyumba ashauriwe kuizima boila. Milango hiyo hutakiwa iwe na ukubwa wa angalau milimita 300 kwa 300, ikae mahali pa kuweza kuona viungio vyote. Mnunuzi akiingia katika fleti ya namna hiyo atazame dari kati ya boila na ukuta wa nje. Asipoona mlango wowote, gharama ya mafundi wa dari, na pengine ya dohani mpya, iondolewe kwenye bei anayotoa. Aulize pia kama dohani inapita juu ya fleti ya mtu mwingine, kwa maana ruhusa ya jirani hainunuliwi dukani.

Hesabu

Tuchukulie fleti yenye kodi ya paundi 1,000 kwa mwezi, yaani 12,000 kwa mwaka. Ukaguzi tuukadirie paundi 80, huduma 100, na king'ora cha kaboni monoksidi 25. Jumla ni 205, chini kidogo ya asilimia 2 ya mapato. Boila ikizimwa Januari kwa sababu ya dohani, na mpangaji akasamehewa kodi ya mwezi mmoja tu, zimeondoka paundi 1,000, yaani zaidi ya asilimia 8, kabla ya kumlipa fundi yeyote.

King'ora kwa England kimekuwa lazima tangu tarehe 1 Oktoba 2022 katika kila chumba cha nyumba ya kupangisha chenye boila, na faini inaweza kufika paundi 5,000. Hata hivyo kisichukuliwe kuwa badala ya vipimo. Viwango vinakitaka kilie ndani ya dakika 3 sumu ikifika sehemu 300 katika milioni, lakini kwa sehemu 50 huruhusiwa kungoja kati ya dakika 60 na 90.

Wenye hisa katika biashara za hoteli na utalii nao wana la kuangalia. Mwezi Oktoba 2006 watoto wawili ndugu kutoka Uingereza walikufa kwa kaboni monoksidi katika hoteli kisiwani Corfu, Ugiriki, kutokana na boila mbovu iliyokuwa kando ya chumba chao. Safari hiyo iliuzwa na kampuni ya Thomas Cook. Miaka 9 baadaye, mwaka 2015, baraza la uchunguzi huko Uingereza liliamua kuwa watoto hao waliuawa kinyume cha sheria na kwamba kampuni ilishindwa kutimiza wajibu wake wa uangalifu. Mkurugenzi mkuu wake aliomba radhi hadharani. Boila ile haikuwa mali ya Thomas Cook.

Kuhusu mustakabali wa soko, ruzuku ya paundi 7,500 kwa England na Wales imekuwa ikiwavuta baadhi ya wamiliki kwenye pampu za joto zinazotumia umeme, na nyumba mpya zinaelekezwa huko. Hata hivyo boila za gesi zilizopo hazijapigwa marufuku, na anayenunua fleti kuukuu leo atakuwa na gesi kwa miaka mingi.

La mwisho ni kalenda. Kanuni zilizorekebishwa tarehe 6 Aprili 2018 zinaruhusu ukaguzi kufanyika katika miezi miwili ya mwisho kabla ya tarehe ya kuisha bila kupoteza tarehe hiyo. Ripoti inayoisha tarehe 20 Oktoba inaweza kufanyiwa ukaguzi mpya kuanzia tarehe 20 Agosti, na ikahesabika hadi Oktoba 20 ya mwaka unaofuata. Agosti mafundi wana nafasi na wapangaji hawana haja ya joto. Baridi kali ya Desemba 2010, ambapo mabomba ya kutolea maji ya boila yaliganda na boila nyingi zikajizima, iliwafanya watu wangoje mafundi kwa siku kadhaa. Mwenye fleti ambazo ripoti zake huisha Desemba anaweza kufanya ukaguzi mapema zaidi mwaka mmoja, akakubali kupoteza miezi michache, ili tarehe mpya iangukie kiangazi.